Tulivyotaka Kuipeleka Ndege Mzenga

Vijana wangu, mmenizoea nikiwa nimekaa hapa Kibaha, kofia kichwani, nikigombana na redio, na mnadhani nilizaliwa mstaafu. Juzi mjukuu wangu, anayesomea mambo ya usafirishaji, alinionyesha mchoro wenye mistari ya rangi nne. Akasema, "Babu, siku hizi njia mpya hupangwa hivi, kitaalamu." Niliutazama ule mchoro, mzuri kama kanga ya Idi, nikamwuliza swali moja tu: "Abiria walihesabiwa siku gani?" Hakujua. Mwalimu wake pia hakujua. Basi nikamwambia akae chini, na ninyi kaeni, maana swali hilo mimi niliwahi kulikwepa, na kulikwepa kwangu nusura kumnyang'anye mama yangu shamba.

Nilikuwa karani wa njia katika kampuni ndogo ya ndege Dar es Salaam, enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Jina la kampuni naliacha. Ilishakufa zamani, na marehemu hasemwi. Ndege tulikuwa nazo mbili, zenye mabawa ya ghorofa, moja juu ya jingine, mwili wa mbao na turubai, viti vinane kila moja. Mvua ikinyesha tulikimbia kuzifunika kama mtu anayeanua mpunga. Lakini katika barua za kwenda Ulaya ziliitwa "ndege zetu", bila idadi, msomaji ajikadirie mwenyewe.

Mkuu wetu tulimwita Bwana Rula, ingawa si mbele yake. Alikuwa Mwingereza mwembamba, soksi zimevutwa mpaka magotini, na hapakuwa na kitu alichokiamini duniani kuliko rula yake ya mpingo. Alikuwa akiilaza juu ya ramani, anapiga mstari, basi njia ya ndege imezaliwa. Rubani akirudi jasho likimtoka, akisema pale katikati pana mlima, Bwana Rula hutazama mstari wake, hutazama rubani, kisha humwambia apite juu zaidi. Kituo kimoja cha kusini tulikiweka kwa sababu mkurugenzi mmoja alipenda kuwinda kanga huko. Kila wiki ndege ilitua pale, ikashusha gazeti moja, ikaondoka. Kwenye taarifa kiliitwa kituo muhimu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiandika hivyo, kwa mwandiko mzuri.

Na msidhani ratiba ilikuwa jambo dogo. Viwanja vya siku zile vilikuwa nyasi tu, na penye nyasi pana mbuzi. Rubani ilimlazimu apite chini mara moja kuwatimua, azunguke, ndipo atue. Kwa hiyo kila kituo cha shamba nilikiongezea dakika kumi. Sisi makarani tuliziita dakika za mbuzi. Katika ratiba iliyochapwa ziliitwa maandalizi ya kutua, na wazungu walikuwa wakizisoma kwa heshima kubwa.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa Bwana Rula. Alikuwa Mzee Mfaume, mpimaji wa mizigo na abiria, mtu wa Ruvu, upande wa Mlandizi. Hakuwa na meza. Alikuwa na mizani ya chuma ya kusimamia, kalamu ya risasi nyuma ya sikio, na daftari lililojaa mafuta. Ndege ndogo ikizidi uzito hainyanyuki, au inanyanyuka halafu inajuta, kwa hiyo Mzee Mfaume ndiye aliyekuwa na roho za watu mkononi, na hakuna aliyemwamkia ila sisi makarani na wapagazi.

"Rama," aliniambia siku yangu ya kwanza, "abiria hudanganya vitu viwili, umri na uzito. Umri hauangushi ndege. Wewe mtazame visigino vya viatu."

Alikuwa akimtazama mtu visigino vilivyolika, anataja ratili zake, kisha anampandisha kwenye mizani kuthibitisha tu. Kwa anayetoka shamba kurudi mjini aliongeza ratili ishirini hata kabla hajamwona. Hizo aliziita mkono wa mwenyeji, maana mgeni wa kwetu haondoki mikono mitupu. Alikwenda na mkoba, atarudi na jogoo, kikapu cha mchele na mkungu wa ndizi, na kuvikataa ni tusi. Bwana Rula hakuwahi kuelewa kwa nini ndege zake hukonda zikienda na hunenepa zikirudi.

Lakini somo kubwa la Mzee Mfaume lilikuwa hili. "Usinitajie watu wanaokwenda," alisema. "Nitajie wanaorudi, halafu unitajie wanaokwenda tena wiki ijayo. Hao ndio abiria. Waliobaki ni wapita njia." Nilimsikia vizuri kabisa, kama ninyi mnavyonisikia sasa. Liliingia sikio hili likatokea lile.

Upande wa pili wa kiwanja cha Dar es Salaam palikuwa na kampuni nyingine, ya ndugu wawili wenye mashamba ya katani. Mwaka mmoja wakaleta ndege kubwa iliyokuwa vitani, ya bati tupu, yenye kubeba watu zaidi ya ishirini. Ilikaa mkia chini pua juu, hata abiria akiingia ilimbidi apande kama anayepanda paa. Ilimeta juani mpaka macho yanauma. Mimi niliifuatilia kwa siri, nikaona mara nyingi iliruka na rubani, msaidizi wake na gunia la barua. Bwana Rula hakuona viti vitupu. Aliona kumeta tu. Alikuwa akisimama dirishani na kikombe mkononi mpaka chai inapoa. Nimekulia katika nyumba ya wake wenza, vijana wangu, na wivu naujua, lakini ule wa Bwana Rula ulikuwa mpya kwangu.

Akataka na yeye ndege ya bati. Akaandika Ulaya. Ulaya wakajibu: tuonyeshe abiria. Hapo ndipo nilipojua jinsi wakubwa wanavyofanya kazi. Ndege ilishanunuliwa zamani kichwani, kilichobaki ni kutafuta watu wa kuijaza.

Bwana Rula akazungushia Dar es Salaam duara kwa kalamu nyekundu. Akatueleza kwamba ndege ndogo zitawazoa watu wa mashamba ya jirani, ziwalete mjini, na ndege kubwa itawapokea na kuwapeleka mbali. Mbali wapi, hakusema, na sisi hatukuuliza. Makarani watatu tukaambiwa tukakae kando ya barabara, mmoja Ruvu, mmoja njia ya Bagamoyo, mmoja Kisarawe. Kila mtu achague siku yake katika mwezi ule, ahesabu wanaopita kutwa nzima, kila mtu kistari kimoja.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Kwetu ni Mzenga, huko ndani Kisarawe. Mwezi ule ulikuwa Mfungo Sita, na Mzenga palikuwa na Maulidi makubwa. Nilikuwa nimeomba ruhusa niende, Bwana Rula akanijibu kwa Kiswahili chake kile cha kuamrisha wapishi: "Hapana! Kazi iko mingi." Basi aliposema mmoja wetu aende Kisarawe, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga kinywa. Na siku nikaichagua mwenyewe, ile ile ya Maulidi. Sikukusudia kumdanganya mtu. Nilikusudia pilau.

Nikakaa Kisarawe kwenye kona ya barabara ya Mzenga tangu asubuhi, na daftari langu. Malori yakaja kutoka mjini, moja baada ya jingine, watu wamejaa hadi juu ya kichwa cha gari, kanzu nyeupe, dufu zinapigwa, kasida zinaimbwa. Wengine walikuja kwa miguu. Wajukuu walimbeba bibi yao kwenye kitanda. Mimi vistari tu. Mama mwenye mtoto mgongoni, vistari viwili. Lori la mwisho lilipofika nilipanda na mimi, nikajiandika kistari changu, nikaenda kwetu kula. Mama yangu aliponiona hakuamini. Aliniuliza nimepataje ruhusa, nikamwambia niko kazini. Ndugu zangu, haukuwa uongo.

Daftari lilijaa kurasa sita. Mwenzangu wa Ruvu alirudi na nusu ukurasa, na katika hiyo nusu kulikuwa na mvuvi mmoja aliyepita mara saba. Bwana Rula aliweka madaftari yetu mezani, akalifungua langu, akasimama.

"Mzenga!" akasema. "Hii Mzenga iko wapi?"

Haikuwamo kwenye ramani yake. Nikainuka mimi Ramadhani bin Kibwana, nikachovya kalamu wino, nikaiandika. Nikachomeka pini. Kijiji chetu, ambacho hata karani wa boma alikuwa akikisahau, sasa kimo kwenye ramani ya ndege, kwa mkono wangu. Hapo ndipo nilipopaswa kusema, "Bwana, siku ile ilikuwa Maulidi." Ulimi ulikuwepo na Kiingereza kidogo nilikuwa nacho. Lakini kifua kilikuwa kimefura. Nikanyamaza, na Jumatatu yake nikapewa meza ya karibu na dirisha.

Habari hazikai ofisini. Makarani wa kampuni zote mbili tulikuwa tukinywa chai kwa muuza mihogo mmoja, na haikupita wiki wale ndugu wa katani nao wakatuma watu wao Mzenga. Bwana Rula aliposikia alipiga meza kwa furaha. "Umeona? Hata wao wanajua!" Naapa huko ng'ambo ya kiwanja nao walipiga meza yao wakasema maneno hayo hayo. Kila mmoja alimtegemea mwenzake kuwa ndiye aliyechunguza. Na aliyechunguza alikuwa mimi, na mimi nilifuata pilau.

Siku moja binamu yangu Shabani, aliyekuwa akileta mkaa mjini, akanijia kazini. "Mama yako anakusalimu," akasema. "Watu wa kazini kwako wamefika. Wametia vigingi vyeupe shambani, kuanzia kisimani mpaka kule kwenye minazi. Amewapikia bada ya unga wa muhogo wakala wakashiba. Minazi yote wameipiga alama ya chokaa, wanasema itakatwa. Sasa mama anauliza, hiyo ndege inakuja kumchukua nani?"

Lazima niwaeleze minazi ile. Marehemu baba alikuwa akipanda mmoja kila anapozaliwa mtoto, na kitovu cha mtoto kinazikwa hapo chini. Wangu ndio uliokuwa karibu na kisima, mrefu kuliko yote. Mama aliishi kwa nazi zile na kwa mihogo iliyokuwa katikati yake, hana kingine. Bwana Rula alikuwa ameilaza rula yake juu ya kitovu changu, na pini nilimpa mimi.

Nikaenda mbio ghalani kwa Mzee Mfaume.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona uso kama uliyemeza ndimu?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza akiwa ameshika jiwe la mizani, kisha akauliza, "Ulihesabu siku gani?"

"Siku ya Maulidi."

Aliliweka jiwe chini. Alicheka mpaka akakalia gunia la barua, machozi yanamtoka. Halafu kicheko kikakatika ghafla.

"Na ulijua, Rama."

"Nilijua, Mzee."

"Basi wewe si mjinga. Ungekuwa mjinga ningekuhurumia. Nenda kamwambie."

Nikaenda. Nikasimama mbele ya Bwana Rula, nikamwambia watu wale walikuwa wa Maulidi, walikwenda siku moja, wakarudi siku moja, na siku nyingine barabara ile hupita mbuzi. Akafikiri. Akauliza, "Hii Maulidi iko kila mwaka?"

"Ndiyo, Bwana."

"Basi mwaka kesho iko tena!" Na akaandika kando ya daftari langu: abiria wa msimu.

Nikamwambia shamba lile ni la mama yangu. Akatabasamu kwa upole kabisa, na upole ule uliniuma kuliko matusi. "Mama atafurahi. Atapanda ndege." Kisha akanieleza kwamba mkurugenzi kutoka Ulaya yuko njiani, atakwenda Mzenga Jumanne kuona kwa macho yake, na mimi nitakuwa mkalimani. Mkurugenzi akiridhika, Jumatano mashoka yanaanza, wale ndugu wa katani wasitutangulie.

Nilirudi kwa Mzee Mfaume nimekata tamaa. Yeye akasema, "Vizuri. Aende akaone. Mwambie Bwana Rula kituo kipya hakifunguliwi bila mizani, nitakuja nayo mimi." Bwana Rula alipenda sana. Chochote chenye chuma na namba kilimpendeza.

Mimi nikatuma salamu kwa mama kupitia Shabani: Jumanne anakuja mgeni mkubwa, tafadhali watu wote waendelee na kazi zao kama kawaida, asitokee mtu. Nilitaka mkurugenzi akute kuku na upepo. Vijana, kosa langu la kwanza lilikuwa la tamaa ya pilau. La pili lilikuwa la mtu aliyekaa mjini mpaka akawasahau watu wake. Umwambie mtu wa kwetu mgeni anakuja, halafu akae ndani? Mama alidhani ni adabu zangu tu, mtoto hataki kuwasumbua wazee. Akaita kijiji kizima, na wa Chole, kijiji jirani, wakasikia wakaja.

Tulipofika Jumanne nilitamani ardhi ipasuke. Mikeka imetandikwa, madafu yamekatwa, vigelegele, watu wamepanga mistari kando ya vigingi kama wanapokea bwana harusi. Mkurugenzi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye daftari dogo la ngozi. Alifurahi mno. Bwana Rula alitembea kama tayari amevaa ile ndege ya bati.

Mkurugenzi akaniambia niwaulize ni nani atapenda kusafiri kwa ndege. Nikatafsiri neno kwa neno, sikuongeza wala kupunguza. Mikono yote juu. Imamu wa msikiti mkono juu. Kina mama waliinua na mikono ya watoto wachanga. Kwetu mgeni hakataliwi usoni. Anaitikiwa, halafu kila mtu anakwenda zake. Mkurugenzi akaanza kufungua kalamu, na nyuma ya kofia yake nikaiona ile alama ya chokaa kwenye mnazi wangu.

Ndipo Mzee Mfaume akasogea. Mizani ilikuwa imeshushwa kwenye lori na watu wanne. Akaifuta vumbi, akaweka mawe sawa, akasema kwa sauti yake ya ghalani:

"Asalaam aleykum, jamaa zangu. Safari ya kwanza itakuwa Jumatatu asubuhi. Anayesafiri Jumatatu aje na mzigo wake, apande hapa, nimwandike."

Mikono ikashuka taratibu. Mmoja akasema Jumatatu ana hitima Chole. Mwingine akauliza kama ndege itasimama Kisarawe kwa kaka yake ashushe magunia mawili. Wa tatu akasema mpunga wake unaliwa na ndege wenye manyoya, hawezi kuuacha aende kupanda wa chuma. Mzee mmoja akauliza kama inarudi kabla ya adhuhuri. Mkurugenzi akaniuliza kila mara, "Anasema nini?" na mimi nikatafsiri, sikuficha hata moja. Kalamu yake ilisimama hewani.

Kisha kukawa kimya. Wazee walitazama chini. Walijua wameniaibisha mbele ya wakubwa wangu, na hawakujua wafanye nini. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mizani, na ingawa kimya kile ndicho nilichokitaka, niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Katika kimya hicho mama yangu akatoka kwenye mstari. Alikuwa na kikapu cha mihogo. Akavua ndara, akaziweka pamoja kama anaingia msikitini, akapanda kwenye mizani na kikapu chake kichwani.

"Niandike mimi, baba," akasema.

Mzee Mfaume alinitazama, kisha akasogeza jiwe polepole. "Ratili tisini na nane," akasoma. "Pamoja na mihogo." Lakini kazi ni kazi, akauliza swali lake. "Na kurudi, mama?"

"Siku hiyo hiyo. Nina kuku."

Mkurugenzi akaniuliza huyu ni nani. Nikasema, "Ni mama yangu, Bwana. Shamba hili ni lake." Akamtazama mama juu ya mizani, akatazama vigingi, akatazama minazi yenye chokaa. Akaandika kistari kimoja. Akasubiri kwa muda mrefu wa kutosha mtu kumaliza dafu, kisha akamwuliza Bwana Rula kama kuna mwingine. Bwana Rula alikuwa akiangalia soksi zake.

Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa: hakuna ndege ya bati, hakuna Mzenga. Pini ikang'olewa, kitundu kikabaki. Wale ndugu wa katani waliposikia tumejitoa walidhani wametushinda, wakafanya karamu, wakaagiza ndege kubwa ya pili. Vigingi vyao walivitia bondeni, masika yakaja yakavizoa mpaka mtoni, na zile ndege mbili walikuja kuziuza kwa shida. Bwana Rula alisoma habari hiyo gazetini akaniambia kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na Mzenga. Mimi nilinyang'anywa meza ya dirishani, nikapelekwa ghalani kuwa msaidizi wa Mzee Mfaume. Walidhani ni adhabu. Nilikaa huko mpaka baada ya uhuru, na kila ninachojua kuhusu ndege nilikijua huko, kwenye visigino vya watu.

Lakini meza sikunyang'anywa kwa sababu ya daftari. Nilinyang'anywa kwa sababu ya jioni ile ile ya Jumanne. Wageni walipoondoka nilibaki, sikupanda lori. Tukatembea na mama kuelekea kisimani. Nikamwuliza, "Mama, kweli ungepanda ile ndege?"

"Nipande niende wapi?"

"Sasa mbona ulipanda mizani? Angeridhika na wewe mmoja, kesho wangekata minazi yako yote."

Mama akashusha kikapu. "Vigingi nimeviona, Rama. Macho yangu mazima. Mnazi hupandwa tena. Lakini mwanangu alikuwa amesimama peke yake mbele ya watu, na watu wote wanatazama chini. Ningefanyaje?"

Nililia, vijana wangu, mtu mzima mwenye suruali ya kazi na kalamu mfukoni. Nilimletea mama uongo wa kurasa sita, naye alikuwa tayari kuulipia kwa shamba lake ili mimi nisione haya. Sikungoja barua kutoka Ulaya. Nilianzia kisimani nikaving'oa vile vigingi kimoja kimoja, kwa mikono, mpaka kwenye mnazi wangu. Mama alinifuata nyuma akiviokota na kuvifunga mzigo.

Vilikuwa vya mti mkavu, mzuri. Bada iliiva upesi sana siku ile.